Nyumba ya ubatizo ya Padova, na mwanamke aliyelipia kuta zake

MwanaPeramiho

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka juzi nilijaliwa kwenda Italia na mahujaji wa parokia yetu. Safari yenyewe ilikuwa ya Mtakatifu Antoni, kwa hiyo Padova, ambayo makanisani tumezoea kuiita Padua, tulilala siku mbili. Basilika tuliingia, kaburi tuliligusa, kila mmoja akaweka nia zake. Siku ya pili mchana tukaachiwa saa chache za kutembea mjini. Wenzangu wengi wakaelekea sokoni. Mimi miguu ikanipeleka kwenye kanisa kuu la jimbo, na ubavuni mwake nikakuta jengo dogo la matofali ya kuchoma ambalo nusura nilipite.

Jengo hilo ndilo nataka kulisimulia. Ni nyumba ya ubatizo, wenyewe huiita battistero, na imewekwa chini ya jina la Yohane Mbatizaji. Nimetafuta uzi wake humu sikuona, na inaniuma kwamba watu wetu wanakwenda Padova kila mwaka na kupita mlangoni pake bila kujua kilichomo.

Kwanza kwa nje. Ujenzi ulianza karne ya 12, na mwaka 1281 Patriaki wa Grado, askofu mwenye cheo cha juu wa pande zile, akaiweka wakfu. Ukiitazama kutoka uwanjani unaona sanduku la mraba, juu yake limekaa duara, na duara limefunikwa kwa kuba. Kuta hazina mbwembwe: matofali, nguzo bapa zilizojitokeza kidogo tu, na safu za matao madogo chini ya paa. Haina marumaru kama nyumba ya ubatizo ya Parma, ile ambayo Benedetto Antelami aliianza mwaka 1196 kwa mawe ya rangi ya waridi kutoka Verona. Wala haina kimo cha ile ya Pisa, inayokaribia mita 55 kwenda juu. Mtu akikuambia hii ya Padova ni ghala la zamani la kanisa, hutabisha.

Nilipoingia nilifanya kosa ambalo naamini wengi hulifanya. Niliinua kichwa kabla ya kupiga hatua ya pili, nikaganda pale pale mlangoni mpaka watu wa nyuma yangu wakaniomba njia. Hakuna mahali palipoachwa patupu. Kuanzia usawa wa vichwa vya watu mpaka kilele cha kuba, ndani ya matao, kando ya madirisha, kote kumechorwa. Na kazi yote hiyo ni ya mchoraji mmoja na mafundi wake, kwa muda wa miaka kama mitatu tu, kati ya 1375 na 1378. Anaitwa Giusto de' Menabuoi. Alizaliwa Florence, akafanya kazi Lombardia, kisha akahamia Padova na kuwa mchoraji wa watawala wa mji, ukoo wa Carrara.

Sasa naomba tulitazame jengo kwa jicho la fundi, maana bila hapo michoro haieleweki. Chini ni mraba, kuta nne na pembe nne. Juu ni duara. Kila fundi wa kuba anakutana na tatizo hili: utalikalishaje duara juu ya mraba bila pembe kubaki wazi? Dawa yake ni pembetatu nne zilizojipinda, moja kila pembe. Kila moja inaanza chini kwa ncha, inapanuka kadiri inavyopanda, na huko juu zote nne zinashikana na kufanya ukingo wa mviringo. Uzito wa kuba unateremka kwa njia hiyo mpaka kwenye pembe za kuta. Giusto aliikuta kazi hiyo ya waashi tayari, akaitumia vizuri mno: ndani ya pembetatu hizo aliwaweka manabii na Wainjili. Waliotuletea habari za mbinguni wamekaa pale pale ambapo duara la mbingu linashuka kukutana na mraba wa dunia. Nimesikia mahubiri mengi maishani, machache yalinikaa kichwani kama zile pembe nne.

Kuba yenyewe ni Paradiso. Katikati yuko Kristo, mkononi ana kitabu kilichofunguliwa, na maneno yake ya Kilatini yanasema kwamba yeye ni Alfa na Omega. Chini yake amesimama Bikira Maria, mikono ameinyanyua kwa sala, mkubwa kuliko wote wanaomzunguka. Halafu malaika, halafu watakatifu, safu kwa safu, mabega yakigusana kama ukoo mzima uliopangwa kwa picha ya harusi. Kila kichwa kina duara lake la dhahabu. Ukizunguka taratibu huku umeinua uso, unaona kama wanaozunguka ni wao na wewe umesimama.

Nimesoma watu wanaoilaumu kuba hii. Wanasema nyuso zimekakamaa, zote zinatazama mbele kama ikoni za Wagiriki, wakati mchoraji Giotto alishachora katika mji huu huu, kwenye kikanisa cha Scrovegni, mwaka 1303 hadi 1305, watu wanaogeuka, wanaolia, wanaotupa mgongo. Yaani miaka 70 kabla. Mimi hapo siungani nao. Teremsha macho hadi kwenye kuta na utaona Giusto akichora vyumba vyenye kina, ngazi, kumbi na barabara unazoweza kuingia kwa mguu. Aliyeweza hayo chini hakushindwa juu. Venezia ni jirani, na kule San Marco kuna kuba za mozaiki, picha za vijiwe vya rangi, ambazo mchoraji yeyote wa pande zile alizifahamu. Aliitaka mbingu iliyotulia, akaichora imetulia.

Kati ya kuba na zile pembetatu kuna ukanda wa mviringo, na humo kuna Kitabu cha Mwanzo, kuanzia uumbaji mpaka habari za Yusufu na ndugu zake. Picha ya kwanza ndiyo iliyonishika shingo. Mungu anaumba ulimwengu, na ulimwengu wenyewe ni sahani kubwa, miduara ndani ya miduara, ikiwa na buruji zote kumi na mbili za nyota, na katikati kabisa ipo Dunia. Na Dunia hiyo ina ramani! Bahari ya Kati inaonekana, na Ulaya, Asia na Afrika zinatambulika. Zaidi ya miaka 100 kabla ya Vasco da Gama kufika pwani yetu mwaka 1498, bara letu lilishawekwa ukutani mwa nyumba ya ubatizo ya Padova, mbele ya Muumba wake. Kwa macho matupu kutoka chini ni padogo, nilijuta kutobeba darubini.

Kwenye kuta kuna maisha ya Yohane Mbatizaji na maisha ya Kristo. Hapo ningeweza kujaza kurasa, ila nitasimama kwenye picha moja, kuzaliwa kwa Yohane. Elizabeti yuko kitandani, na wanawake wanamshughulikia yeye na mtoto. Kando yao wamesimama wanawake wengine, wamevaa mavazi ya heshima ya karne ya 14. Wamekuja kumwona mzazi, kama ambavyo mama zetu huenda na khanga na uji. Mmoja wao ni Fina Buzzaccarini, mke wa mtawala wa Padova, Francesco il Vecchio da Carrara, na walio pamoja naye ni binti zake. Fina ndiye aliyeagiza na kugharimia michoro yote hii. Alitaka nyumba hii iwe pia mahali pa kuzikwa yeye na mumewe. Wasia wake aliuandika mwaka 1378, na mwaka huo huo akafariki.

Kaburi lake leo halipo. Uso wake upo. Hilo ndilo lililonifanya nianzishe uzi, na wakipatikana wa kuuliza nitaeleza zaidi.

Nawasilisha.

---

Nyangumi_Kusini

Mkuu ahsante sana, umeniweka mle ndani. Naomba nielimike kidogo. Sisi kisima cha ubatizo kiko ndani ya kanisa, jirani na mlango. Hawa wenzetu iliwalazimu nini kujenga nyumba nzima pembeni?

---

MwanaPeramiho

Swali la msingi hilo, ndugu yangu.

Katika karne za mwanzo ubatizo haukufanyika kila Jumapili. Ulikuwa kazi ya askofu, na ulifanyika hasa mkesha wa Pasaka na siku ya Pentekoste. Watu wazima wengi walibatizwa kwa pamoja, wakizamishwa majini, na walihitaji mahali pa kuvulia na kuvalia nguo nyeupe. Tena aliyekuwa hajabatizwa hakuruhusiwa kubaki kwenye misa mpaka mwisho. Kwa hiyo nyumba ya maji ilisimama nje, na mtu akitoka majini ndipo anaongozwa kuingia kanisani kwa mara ya kwanza akiwa mmoja wa wenye nyumba. Ukijua hilo, ule uwanja mdogo kati ya nyumba ya ubatizo na kanisa unakuwa na maana yake.

Mfano uliowafundisha wengi ni ule wa Laterano, Roma, ambao Papa Sixtus III aliujenga upya karne ya 5. Una pembe nane. Nane ilipendwa kwa sababu Kristo alifufuka siku inayofuata sabato, siku ya saba imepita na ya nane ikaanza kuhesabika kama siku ya uumbaji mpya. Ndiyo maana ya Florence ina pembe nane, ya Parma nane kwa nje na kumi na sita kwa ndani. Hii ya Padova kuanzia chini ni mraba, haikufuata mkumbo huo.

Kufikia wakati wa Giusto waliobatizwa walikuwa watoto wachanga, na hayo ya kusubiri Pasaka yalishalegea. Lakini miji ya Italia iliendelea kuing'ang'ania nyumba yake moja, kwa sababu mtoto aliyebatizwa humo alikuwa Mkristo na raia kwa maji yale yale. Mshairi Dante alibatizwa katika ile ya Florence. Wa tajiri na wa fundi viatu, kisima kimoja.

---

Fundi_Shangani

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Mimi si Mkristo, ila kuta ndiyo kazi yangu. Nimezipiga lipu na kuzitengeneza nyumba za mawe Unguja kwa miaka mingi, na marehemu baba kabla yangu. Nimeusoma uzi huu mara mbili kwa sababu ya neno moja ambalo mleta uzi hajalitaja: chokaa.

Sisi chokaa yetu inatoka kwenye matumbawe. Tunapanga magogo, tunapanga mawe juu yake, tunachoma mpaka yaive. Ukishayamwagia maji yanachemka na kuvunjika yenyewe. Halafu unaiacha ilale. Hapo kwenye kulala ndipo vijana wa leo wanaposhindwa, kila mtu ana haraka. Chokaa isiyolala ina punje ndani yake ambazo hazijavunjika, na ukishaipiga ukutani zile punje zinakuja kuvimba baadaye na kurusha lipu vipande vipande. Kwenye ukuta mweupe unaziba unaendelea. Kwenye ukuta wenye uso wa mtakatifu utaziba na nini?

Kwa hiyo michoro kukaa miaka zaidi ya 600 kunaniambia kwanza habari ya mtu aliyeandaa chokaa, kabla ya yule aliyeshika brashi. Na jambo la pili, ukuta wa chokaa unapumua. Unyevu ukiingia unapata njia ya kutoka. Sisi Mji Mkongwe tumeona nyumba zilizotengenezwa kwa sementi juu ya mawe ya zamani: maji yananaswa ndani, chumvi inasukuma, ukuta unaoza huku kwa nje unang'aa.

Nauliza: hao walichora lipu ikiwa mbichi au imeshakauka? Nimesikia yote mawili.

---

MwanaPeramiho

Mzee wangu fundi, shikamoo. Nashukuru sana, umeligusa lile nililolikwepa kwa kuogopa kukosea.

Umesikia yote mawili kwa sababu yote mawili yalifanyika. Njia kuu ni kwenye lipu mbichi, ndiyo maana ya neno lao fresco, yaani mbichi. Walianza na lipu nzito ya chokaa na mchanga. Juu yake wanachora ramani ya picha kwa udongo mwekundu. Kisha asubuhi fundi wa lipu anapiga tabaka jembamba, laini, la eneo dogo tu, kiasi ambacho mchoraji anaweza kukimaliza kabla halijashika. Rangi zimechanganywa na maji matupu, hakuna gundi. Chokaa inapokauka inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, lile lile jiwe lililoingia kwenye tanuu, na rangi inabaki imefungiwa ndani ya ngozi ya hilo jiwe. Jioni wanakata kingo za kipande kwa mwiko na kutupa lipu iliyobaki bila kuchorwa. Kesho wanaunganisha. Ukuta wa namna hii mwanga ukiupiga kwa ubavu unaonyesha maungio, na wataalamu wanaweza kuhesabu siku za kazi: uso mmoja unaweza kula siku nzima, wakati anga kubwa nalo linamalizika kwa siku.

Sehemu nyingine zilimaliziwa pakiwa pakavu. Kuna rangi ambazo hazipatani na chokaa mbichi, hasa buluu ya jiwe la azuriti, ambayo ilikuwa ghali mno. Hiyo ilipakwa baadaye kwa gundi au yai. Dhahabu pia ilibandikwa juu. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya kale ya Italia vazi la Bikira Maria limepukutika na kubaki kijivu au jeusi wakati nyuso jirani bado zina damu. Kilichogharimu zaidi ndicho kilichotangulia kuanguka.

Na kuhusu aliyeandaa chokaa, nakubaliana nawe kabisa. Jina lake hatunalo.

---

Fundi_Shangani

Marahaba mwanangu. Hilo la kutupa lipu iliyobaki jioni ndilo lililonifurahisha. Fundi wa kweli anaogopa lipu iliyolala usiku. Na zile pembetatu za kubebea kuba, ukienda Kilwa Kisiwani ukasimama ndani ya Msikiti Mkuu, sehemu ile ya kuba, utaona nasi tulilifumbua fumbo hilo la mraba na duara kwa matumbawe na chokaa. Endeleeni.

---

Mama_Nuru

Habari zenu wapendwa. Mimi nimeguswa lakini nina ukakasi, naomba nisieleweke vibaya. Huyu Fina alikuwa mke wa mtawala. Hela hiyo ilitoka wapi kama si kwa wananchi? Halafu anachukua nyumba ambayo watoto wote wa mji wanabatizwa, anaifanya kaburi lake na la mumewe, na kujichora juu ya kuta. Leo mheshimiwa wa kwetu akifanya hivyo kwenye kanisa la parokia, si tutasema amejijengea jina?

---

MwanaPeramiho

Dada yangu Mama Nuru, nimelala na swali lako, sikutaka kulijibu juu juu.

La kaburi kwanza. Kwa Wakristo wa zama zile maji na kaburi vilikwenda pamoja. Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba tuliobatizwa tulizikwa pamoja na Kristo. Kuzama ni kufa, kuibuka ni kufufuka. Kwa hiyo mtu aliyechagua kulala kando ya kisima cha ubatizo alikuwa akisema mahali alipoweka tumaini lake. Na hapo juu, ukutani, Fina amechorwa akiwa amepiga magoti mbele ya Bikira Maria na Mtoto, akikabidhiwa kwao na Yohane Mbatizaji. Mke wa mtawala, amepiga magoti, mikono ameikutanisha. Mbele ya picha hiyo nilisimama karibu kuliko zote. Uso hauna urembo wa kupambwa. Ni mwanamke mtu mzima, mwili mpana, anaangalia mbele kama anayesubiri kuitwa jina lake.

La fedha. Fina alitoka kwenye ukoo tajiri wa Padova na alikuwa na mali yake mwenyewe, ndiyo maana aliweza kuandika wasia wake na kupanga hadi kaburi lake. Mwanamke wa karne ya 14 kusimamia kazi kubwa namna hii kwa jina lake halikuwa jambo la kila siku. Lakini sitakudanganya kwamba siasa haikuwemo. Nyumba yote ilijaa alama ya ukoo, gari la kukokotwa, maana Carrara na carro, yaani gari, yanakaribiana. Mumewe naye amechorwa miongoni mwa watu walio kwenye miujiza ya Kristo, na karibu naye wataalamu wengi wanamtambua Petrarca, mshairi, ambaye alikuwa kanoni, yaani mjumbe wa baraza la kanisa kuu hilo, na alifariki mwaka 1374, kabla Giusto hajaanza kazi. Mtawala alitaka aonekane na msomi mkubwa wa zama zake. Unaposema walijijengea jina, ni kweli walijijengea.

Lakini angalia yaliyofuata. Francesco il Vecchio alishindwa vita, akafia kifungoni kwa Visconti, watawala wa Milano, mwaka 1393. Mwanawe na Fina, Francesco Novello, akairudisha Padova mikononi mwake, kisha mwaka 1405 Venezia ikauteka mji. Mwaka uliofuata akauawa gerezani, na wanawe wawili wakauawa. Venezia haikutaka jina la Carrara libaki midomoni mwa watu. Alama za gari zikafutwa. Makaburi ya Fina na mumewe ndani ya nyumba ya ubatizo yakavunjwa.

Michoro hawakuigusa. Na mimi ndiyo nimeelewa hivi: jiwe la kaburi lilikuwa la ukoo, liliweza kuondolewa. Fina alikuwa ameshawekwa kwingine, kati ya wanawake waliokuja kumwona Elizabeti, na chini ya mkono wa Yohane. Kumfuta yeye kungelazimu kuiharibu Injili. Jina alilojijengea kwenye marumaru lilivunjwa, na lile aliloliweka kwenye chokaa mbichi limesimama mpaka leo.

---

Mama_Nuru

Sasa nimekuelewa. Ukakasi wa hela bado ninao, sitaki kuuficha, ila huyo mwanamke aliyepiga magoti nataka kumwona kwa macho yangu.

---

Binti_Kagera

Wapendwa hamjambo. Naishi Verona, nafanya kazi ya kulea wazee, Padova ni treni tu kwangu. Nimeingia kwenye nyumba hiyo mara tatu, nikaona niongeze kipande ambacho kaka MwanaPeramiho amekiruka.

Upande wa altare kuna chumba kidogo, nacho kina kikuba chake. Kwenye kikuba hicho kuna Pentekoste, Roho Mtakatifu akiwashukia Mitume. Lakini ukishusha macho kuta zote za chumba hicho ni Kitabu cha Ufunuo. Watu wengi hawasogei huko kwa sababu kuba kubwa imeshawamaliza shingo. Msiache. Mnyama wa vichwa saba yuko pale, kila kichwa na shingo yake, na Giusto amefuata maandiko hatua kwa hatua, picha ndogo ndogo zilizosongamana. Huko hakuna utulivu wa kuba. Ni hofu tupu, na rangi zake ni kali. Juu ya altare yenyewe kuna picha ya mbao yenye vipande vingi, nayo ni kazi ya mkono wake.

Nikiwa nimesimama hapo mara ya pili ndipo nilipoona mpango wote wa nyumba. Mwanzo uko kwenye ukanda wa juu, Ufunuo uko kwenye chumba cha altare, na Kristo wa katikati ya kuba ameshika kitabu kinachosema Alfa na Omega. Mwanzo na mwisho vyote vimo, na katikati ya sakafu kiko kisima. Mtoto anayebatizwa anainuliwa kutoka majini akiwa katikati ya historia nzima. Ni mtoto mchanga, amelala chali mikononi mwa msimamizi, anatazama juu. Yeye ndiye mtu pekee humo ndani ambaye haumwi shingo.

Jambo lingine, Giusto alizikwa Padova, jirani na nyumba hii hii. Na tangu mwaka 2021 michoro ya karne ya 14 ya mji huu imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, majengo manane kwa pamoja: kikanisa cha Giotto, Basilika la Mtakatifu Antoni, nyumba hii, na mengine. Kwa hiyo mahujaji wetu tayari wanaingia kwenye mojawapo bila kujua kwamba ni ndugu wa hili.

---

MwanaPeramiho

Binti Kagera, Mungu akubariki. Kile chumba nilikiona nikiwa natoka, muda wetu ulikuwa umekwisha. Hilo la mtoto aliyelala chali sikulifikiria kabisa, na nilikuwa pale nimejishika shingo.

---

Nyangumi_Kusini

Aisee. Uzi wa kuhifadhi huu. Mkuu, la mwisho kutoka kwangu. Huyo Giusto ni mwanafunzi wa Giotto? Majina yanachanganya.

---

MwanaPeramiho

Hapana ndugu. Giotto alifariki mwaka 1337, na Giusto wakati huo alikuwa kijana tu. Kilichowaunganisha ni Florence walikotoka, na Padova ambako kila mchoraji aliyekuja baadaye ilimlazimu apite mbele ya kuta za Giotto kabla ya kushika brashi.

---

Mama_Nuru

Naomba mnisaidie la vitendo. Mama yangu ni mwana wa Mtakatifu Antoni tangu usichana, na tumejaliwa, mwezi wa kumi tunakwenda naye. Magoti yanamsumbua, kusimama muda mrefu hawezi, na kuinua kichwa ni shida. Nimeambiwa mnaingia kwa makundi, kwa muda mfupi. Nimwonyeshe nini?

---

Binti_Kagera

Mama Nuru, nipe siku, nitakuja Padova niwapokee, mama asihangaike.

Beba kioo kidogo cha mkononi, kile cha kujitazamia. Mwambie akishike tumboni, akielekeze juu, kuba yote itashuka mikononi mwake na shingo haitamuuma. Mimi nilimfanyia hivyo bibi mmoja ninayemlea, akakaa na kile kioo mpaka tukaambiwa muda umekwisha. Mpeni kuba kwanza. Kisha mgeuze kwenye kuta, picha ya Elizabeti kitandani, mwache awatambue mwenyewe wanawake waliokuja kumwona mzazi. Usimwambie yupi ni Fina. Mwache achague, halafu ndiyo umpeleke kwa yule aliyepiga magoti, aone kama alipatia.